Kugongwa usoni michezoni: uvimbe unaoficha mfupa uliovunjika

Mchezaji anapigwa kiwiko shavuni wakati wa kugombea mpira wa kona. Anaanguka, anamwagiwa maji baridi, anasimama na kuendelea kucheza huku mashabiki wakimpigia makofi. Kesho yake jicho limevimba. Nyumbani anaambiwa ni pigo la kawaida, likandwe kwa maji ya moto litanywea. Baada ya wiki tatu uvimbe umeisha kweli, lakini shavu limebonyea, na akitazama juu anaona mipira miwili badala ya mmoja. Ndipo anapoanza kumtafuta daktari, wakati mfupa umekwisha kushikana vibaya na kazi ya kuurekebisha imekuwa kubwa kuliko ingekuwa wiki ya kwanza.

Katika mechi za ndondo na za mchangani hali hii ni ya kawaida mno. Goti likiteguka mchezaji hachezi, kwa sababu hawezi kutembea. Uso ukivunjika anaweza kukimbia, kupiga chenga na hata kufunga bao. Kwa hiyo hakuna anayehangaika, na siku muhimu zinapita.

Makala haya yanaeleza mifupa ya uso inavunjika vipi, dalili zipi zinaitambulisha, nini kifanyike uwanjani na hospitalini, na kwa nini muda ni jambo kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Barakoa ya Osimhen ilianzia wapi

Wapenzi wengi wa soka wanamtambua Victor Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, kwa barakoa yake nyeusi. Wapo wanaodhani ni mtindo tu. Ukweli ni kwamba tarehe 21 Novemba 2021, Napoli ikicheza na Inter mjini Milan, Osimhen aligongana kichwa na beki Milan Škriniar. Vipimo vilionyesha kwamba tundu la jicho la kushoto na mfupa wa shavu upande huohuo vilikuwa vimevunjika sehemu kadhaa, na vipande vimehama mahali pake. Alifanyiwa upasuaji, mifupa ikaunganishwa kwa vyuma vidogo na skrubu.

Alirejea uwanjani Januari 2022 akiwa na barakoa, na ameendelea kuizoea tangu hapo. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Italia, Napoli ikatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1990. Desemba 2023 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika.

Kisa chake kinatufundisha kwamba jeraha kubwa la uso si lazima limalize safari ya mchezaji. Lakini tukumbuke pia kwamba Osimhen alipelekwa hospitali siku ileile, akapigwa picha, akapasuliwa mapema. Hakusubiri uvimbe unywee.

Uso umejengwa vipi

Fuvu la kichwa lina mifupa 22. Mifupa 8 inaulinda ubongo, na 14 ndiyo inayounda uso. Ukijishika paji la uso unaweza kudhani kwamba uso mzima ni mgumu hivyo. Sivyo. Uso umejengwa kama nyumba ya miti: kuna nguzo nene zinazobeba uzito, na kati ya nguzo hizo kuna kuta nyembamba na vyumba vilivyojaa hewa. Nguzo zimewekwa kuhimili nguvu ya kutafuna chakula. Kiwiko au kichwa cha mtu kinachokuja kwa kasi kutoka ubavuni ni nguvu ya namna nyingine.

Sehemu nne ndizo zinazoumia zaidi michezoni.

Pua. Imetokeza mbele ya uso na mfupa wake ni mwembamba, hivyo huvunjika mara nyingi. Dalili ni damu, maumivu, pua kupinda na shida ya kupumua upande mmoja. Tarehe 17 Juni 2024, katika mechi ya Ufaransa na Austria kwenye mashindano ya Ulaya, Kylian Mbappé aliruka kupiga kichwa, uso wake ukagonga bega la beki Kevin Danso, na pua ikavunjika. Alikosa mechi iliyofuata, kisha akacheza na barakoa.

Mfupa wa shavu. Huu ndio unaoupa uso umbo lake. Ukivunjika na kusukumwa ndani, shavu hubonyea. Tatizo ni kwamba uvimbe wa siku za kwanza hujaza bonde hilo, kwa hiyo uso unaonekana umevimba tu. Dalili nyingine ni kushindwa kupanua kinywa vizuri, kwa sababu mfupa uliobonyea unaubana msuli wa kutafunia unaopita chini yake.

Tundu la jicho. Jicho limekaa ndani ya tundu lenye ukingo mgumu, lakini sakafu yake ni nyembamba sana, chini ya milimita moja sehemu nyingine. Ngumi au mpira unapolipiga jicho, presha hupanda ndani ya tundu na sakafu hiyo hupasuka. Ni kama fyuzi inayoungua ili redio isiungue: sakafu inavunjika, jicho lenyewe linaweza kunusurika. Lakini mafuta na misuli ya jicho vinaweza kuteremkia kwenye ufa na kunaswa. Matokeo yake ni kuona vitu viwili viwili, hasa ukitazama juu au chini, na baadaye jicho kuzama ndani.

Taya la chini. Ni mfupa mkubwa na imara kuliko mingine yote ya uso, nao umepinda kama kwato. Ngumi ikitua kidevuni, nguvu husafiri hadi kwenye maungio ya taya karibu na masikio. Ndiyo maana taya mara nyingi huvunjika sehemu mbili kwa mpigo, na daktari akiona ufa mmoja hutafuta wa pili.

Maswali matano ya kumuuliza mchezaji

Hakuna haja ya mashine ili kushuku kwamba mfupa umevunjika. Kocha, nahodha au mzazi anaweza kuuliza maswali haya pembeni ya uwanja:

1. Ukiuma meno, yanakutana kama kawaida? Jibu likiwa hapana, taya huenda limevunjika. Hakuna kipimo cha uwanjani kinachoshinda hiki, kwa sababu kila mtu anajua meno yake yanavyokutana.

2. Unahisi ganzi? Ganzi kwenye shavu, ubavu wa pua au mdomo wa juu huashiria jeraha la mfupa wa shavu au sakafu ya tundu la jicho, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa eneo hilo unapita humo. Ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu huashiria taya la chini.

3. Unaona kimoja au viwili? Mwonyeshe kidole, kipeleke juu, chini, kulia na kushoto bila yeye kugeuza kichwa. Angalia kama macho yote mawili yanafuata kwa pamoja.

4. Unaona vizuri kwa kila jicho? Mzibe jicho moja, kisha la pili. Kupungua kwa nguvu ya kuona ni dharura.

5. Unajua uko wapi, na matokeo ni ngapi kwa ngapi? Nguvu inayovunja mfupa wa uso inatosha pia kuutikisa ubongo. Anayejibu kwa kuchanganyikiwa, anayetapika au aliyezimia hata kwa sekunde chache asirudi uwanjani siku hiyo.

Jibu moja baya kati ya hayo linatosha kumpeleka mchezaji hospitali.

Kwa nini muda ni muhimu

Yapo majeraha ya uso yanayoweza kusubiri siku chache, na yapo yasiyosubiri hata usiku mmoja.

La kwanza lisilosubiri ni damu kukusanyika nyuma ya jicho. Jicho linauma sana, linasukumwa nje, linakuwa gumu, na nguvu ya kuona inapungua. Hapa hatuhesabu siku bali dakika, kwa kuwa mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakosa damu na jicho linaweza kupofuka moja kwa moja.

La pili ni damu kukusanyika ndani ya ukuta unaotenganisha matundu ya pua. Ukimulika ndani ya pua unaona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, unaoziba tundu moja au yote mawili. Gegedu la ukuta huo hupata chakula chake kutoka kwenye ngozi laini inayolifunika. Damu ikiingia katikati, gegedu linakosa chakula na linaweza kufa ndani ya siku chache, kisha mgongo wa pua unadidimia kama tandiko. Damu hiyo hutolewa kwa mpasuko mdogo, lakini lazima itolewe mapema.

La tatu linawahusu watoto na vijana wadogo, na ndilo linalopita bila kuonekana mara nyingi. Mfupa wa mtoto hupinda kabla ya kuvunjika. Sakafu ya tundu la jicho inaweza kufunguka kama mlango, ikaunasa msuli wa jicho, kisha ikajifunga. Jicho kwa nje linaonekana zima na jeupe, halina uvimbe wala wekundu wa kutisha. Mtoto hawezi kulipeleka jicho juu, anahisi kichefuchefu, anatapika, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Watu wanadhani ni kichwa tu kimetikisika, au ni njaa na jua. Msuli ulionaswa unaanza kufa, na madaktari hutaka kuuachia ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa jichoni, anayetapika na hawezi kutazama juu, asilazwe nyumbani kusubiri asubuhi.

Kwa mivunjiko mingine ya uso, mtu mzima ana takriban wiki mbili. Pua iliyopinda hurudishwa mahali pake ama katika saa za mwanzo kabla haijavimba, au baada ya uvimbe kupungua, kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi. Kwa watoto mifupa hushikana haraka zaidi, hivyo muda ni mfupi. Ukivuka wiki mbili au tatu, mfupa unakuwa umeshikana ulipo. Daktari anayetaka kuunyoosha hulazimika kuuvunja upya.

Huduma ya kwanza uwanjani

Jambo la kwanza ni pumzi. Mtu mwenye damu kinywani na puani asilazwe chali, damu itamwingia kooni. Akiwa na fahamu na shingo haimuumi, mkalishe, ainame mbele, ateme damu badala ya kuimeza. Aliyezimia alazwe ubavu, kichwa na shingo vikigeuzwa pamoja na mwili bila kupindishwa, kwa sababu pigo lililovunja uso linaweza kuwa limeumiza shingo pia.

Pua ikitoka damu, bana sehemu laini chini ya mfupa kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Kuinua kichwa juu, kama wengi tulivyofundishwa utotoni, kunapeleka damu tumboni tu na kumfanya mtu atapike. Yakitoka puani majimaji maangavu kama maji ya kunywa, yanaweza kuwa maji yanayouzunguka ubongo. Hapo usizibe, mwahishe hospitali.

Weka barafu iliyofungwa kwenye kanga au taulo safi, dakika 10 hadi 15 kwa zamu, bila kuikandamiza juu ya jicho. Usikande kwa maji ya moto siku za kwanza. Joto linaongeza damu na uvimbe, na mkono unaokanda unaweza kukisukuma kipande cha mfupa pale ambapo hakikuwa. Kwa sababu hiyohiyo, asitokee mtu wa kuinyoosha pua au taya kwa vidole pale uwanjani.

Mchezaji anayeshukiwa kuvunjika shavu au tundu la jicho asipenge kamasi. Mfupa huo ni jirani na vyumba vya hewa vya uso, na anapopenga, hewa na vijidudu husukumwa kuelekea kwenye jicho. Wengi wamestaajabu kuona jicho likivimba ghafla baada ya kupenga mara moja tu.

Jino la ukubwani liking'oka zima, likamatwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake au litiwe kwenye maziwa, kisha twende kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utotoni halirudishwi.

Hospitalini: uliza kitengo cha meno

Watu wengi hawajui kwamba mtaalamu wa mifupa ya uso yuko upande wa kinywa na meno. Anaitwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Nchini Tanzania wataalamu hao wapo Hospitali ya Taifa Muhimbili na katika hospitali nyingine kubwa za rufaa. Ukianzia zahanati au kituo cha afya, eleza dalili zote, hasa ganzi, kuona viwili na meno kutokukutana, ili upewe rufaa mapema. Ukisema "nimepigwa, nimevimba" peke yake, unaweza kurudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Taya mara nyingi huonekana kwenye eksirei ya kawaida. Kwa shavu na tundu la jicho, kipimo cha CT kinaonyesha vizuri zaidi. Si kila mvunjiko unahitaji kisu. Mfupa uliopata ufa lakini haujahama unaweza kuachwa upone wenyewe, mgonjwa akila vyakula laini na kufuatiliwa kliniki. Uliohama hurudishwa na kushikizwa kwa vyuma vidogo vya titani, ambavyo kwa kawaida hubaki humo maisha yote bila madhara.

Njia nyingine ya zamani, na bado inatumika, ni kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya kwa wiki 4 hadi 6. Mgonjwa anaishi kwa uji, supu na maziwa, na anapungua uzito. Anapaswa kutembea na kikatio cha waya ili kinywa kifunguliwe haraka akitaka kutapika au akikosa pumzi.

Lini arudi uwanjani?

Mifupa ya uso huchukua takriban wiki 6 kushikana vizuri, na madaktari wengi hutaka mchezaji wa michezo ya kugusana akae nje kati ya wiki 6 na 12, kwa kutegemea jeraha. Mbona basi wapo wanaorudi mapema?

Jibu ni barakoa. Son Heung-min wa Korea Kusini alivunjika mifupa inayozunguka jicho la kushoto tarehe 1 Novemba 2022, alipogongana na beki wa Congo, Chancel Mbemba, katika mechi ya Marseille na Tottenham. Alipasuliwa siku chache baadaye. Tarehe 24 Novemba, siku 23 baada ya ajali, alikuwa uwanjani Qatar kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay.

Barakoa ya namna hiyo hutengenezwa kwa kipimo cha uso wa mhusika, kwa plastiki ngumu au nyuzi za kaboni, na ndani kuna sponji. Haigusi mfupa uliovunjika. Inaupita juu kama daraja, na pigo likija, nguvu yake inatua kwenye paji la uso na sehemu zilizo nzima. Barakoa ya dukani isiyomkaa mtu vizuri haifanyi kazi hiyo, na inaweza kumziba asione mpira wa pembeni. Kanuni ya 4 ya sheria za soka inaruhusu barakoa isiyohatarisha wengine, lakini mwamuzi ana haki ya kuikagua.

Son alikuwa na madaktari waliomtazama kila siku. Mchezaji wa mtaani asiye na kipimo wala barakoa asijilinganishe naye.

Masumbwi: pale pigo linapolenga uso

Kwenye ndondi uso haupigwi kwa bahati mbaya. Machi 31, 1973, mjini San Diego, Ken Norton alimvunja taya Muhammad Ali. Ali alimaliza raundi zote 12 na taya hilo na kushindwa kwa pointi. Alifungwa waya, akapumzika, na Septemba mwaka huohuo wakarudiana, akashinda. Mwaka mmoja baadaye akampiga George Foreman mjini Kinshasa. Asingepumzika, huenda tusingekuwa na usiku ule wa Kinshasa wa kusimulia.

Mei 8, 2021, huko Texas, Billy Joe Saunders aliingia kupambana na Canelo Álvarez akiwa hajawahi kupoteza pambano. Raundi ya 8 ngumi ilimvunja mifupa ya tundu la jicho. Kona yake haikumruhusu kutoka kwa raundi ya 9. Wapo waliomwita mwoga. Bondia anayeendelea na tundu la jicho lililovunjika anaweka rehani jicho lake, na mwenye kona anapotupa taulo anamlinda.

Kofia ya mazoezi inapunguza kuchanika ngozi, lakini nyingi haziifuniki pua wala hazizuii ubongo kutikisika. Kinga ya meno inalinda meno na midomo, na ni rahisi kuipata kuliko vifaa vingine. Haina sababu ya kubaki kifaa cha mabondia pekee. Hata beki wa kati na kipa wanaihitaji.

Kwa makocha na viongozi wa timu

Mambo manne hayahitaji bajeti kubwa. Kuwe na mtu mmoja kwenye benchi anayejua huduma ya kwanza, na sanduku lenye barafu, glavu na bandeji. Namba ya simu ya gari au bodaboda ya kumpeleka majeruhi hospitali ijulikane kabla ya mechi kuanza. Wachezaji wafundishwe kuruka bila kutanguliza kiwiko, na mwamuzi aadhibu viwiko tangu dakika ya kwanza. La mwisho, mchezaji aliyepigwa usoni aulizwe yale maswali matano siku hiyo, kisha aulizwe tena kesho yake na baada ya siku tano, uvimbe ukianza kupungua. Hapo ndipo shavu lililobonyea linapoanza kujionyesha, na hapo bado daktari ana nafasi ya kulirudisha.